Waya Usio na Chapa

Feni zilizunguka, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nikazima. Nikawasha tena. Feni, taa, giza.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya ayeeyo, nyanya yangu Fatumo, akiimba buraanbur, yale mashairi ya wanawake, aliyomtungia dada yangu Ayan kwa ajili ya harusi yake. Alijua hataifikia siku hiyo, na hakuifikia. Harusi ilikuwa leo, Garissa. Baada ya sala ya alasiri wanawake wangekusanyika, ngoma ipigwe, na Ayan alikuwa amewaahidi kwamba atakayefungua ni ayeeyo.

Sauti hiyo niliirekodi mimi mwenyewe, na haikuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Niliwakatalia wote. Shairi la nyanya yangu halitazurura kutoka kiganja hadi kiganja pamoja na vichekesho. Litatoka kwangu, siku yake ikifika. Ndivyo nilivyosema, na bado naona nilisema sawa. Ila bodi, ule ubao unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, ilikufa wiki ya harusi. Nikatia nyingine iliyoletwa na lori kutoka Isiolo, na tangu hapo mashine haijasema neno. Jamaa zangu waliondoka jana wote. Mimi nikabaki Modogashe na bisibisi. Hata Muema, mwalimu mwenye kompyuta nyingine hapa mjini, alikuwa amefunga shule na kwenda kwao Mwingi.

"Mshairi!" Mwikali, fundi cherehani wa mlango wa pili, alichungulia. "Bado mnatazamana na bibi harusi wako?"

"Hajafunua uso, dada."

"Basi umemtungia shairi baya."

"Sina shairi baya. Bodi ndiyo mbaya."

"Na ile ya kwanza pia ilikuwa mbaya. Hapa kila kitu kibaya isipokuwa Korane!" Akaniwekea kikombe cha chai mezani. "Kunywa. Mimi nafunga, naenda mazoezi ya kwaya."

Nikasikia kufuli lake, kisha nyayo zake kwenye mchanga, kisha upepo ukigongagonga bati.

Nilianza upya. Vijiti vya memori nikavichomoa, nikavisugua kwa kifutio, nikavirudisha hadi vikalia ta. Nikakagua nyaya moja moja. Kabla ya kung'oa bodi ya zamani nilizitia zote chapa kwa kalamu ya wino mzito: duara lenye mkia, chapa ya ngamia wa babu yangu. Fundi mwingine angeandika namba. Mimi ni mwana wa Dagane, mfugaji wa ngamia. Mali yangu huijua kwa chapa. Kila waya wenye duara ulikuwa mahali pake. Hakuna uliopotea. Na skrini ni nyeusi.

Nikaitukana ile mashine kwa mistari ya vina. Mistari mizuri, wallahi, na hakukuwa na wa kuisikia.

Simu ikalia. "Walaal, kaka yangu," Ayan alisema, na nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka, vyombo vikigongana. "Wameanza kuingia. Niwaambie nini?"

"Waambie inakuja."

"Ulisema hivyo asubuhi."

"Nasema tena."

"Korane, niwaambie waanze bila yeye?"

Nikashika bisibisi. Alikata.

Nikaiinamia kompyuta. Nyuma ya kava, nilipokuwa nimeusukuma kwa kidole, kulikuwa na waya mfupi uliokunjwa, mweusi na njano, bila duara. Nilipokuwa nikifunga bodi mpya niliutazama, nikaona si wangu, ni wa ziada, nikauficha usinisumbue.

Kisimani ayeeyo hakuwa akifanya hivyo. Mnyama asiye na chapa yetu akija na kundi letu, baadi, yaani aliyepotea, sisi watoto tulimfukuza kwa fimbo. Yeye alitufukuza sisi. "Baadi hunywa kwanza," alisema. "Kisha ndipo utauliza ametoka wapi."

Basi nikauvuta waya ule, nikauuliza umetoka wapi. Ulitoka kwenye boksi la umeme, kama wenzake. Kwenye bodi ya zamani ulikuwa umejificha chini ya feni, ndiyo maana kalamu haikuufikia. Nikatafuta kwenye bodi mpya penye matundu manne. Palikuwepo, kando kabisa ya prosesa, ubongo wa mashine. Nikausukuma. Ukaingia kana kwamba ulikuwa ukingoja kualikwa.

Nikawasha. Skrini ikawa kijivu, halafu buluu, halafu ikazungusha viduara vyake bila haraka. Nikaipata sauti, nikaituma.

Ayan alipiga simu. Aliinua tu simu hewani. Nikamsikia ayeeyo kwenye spika za Garissa, akitaja mama zetu mmoja baada ya mwingine, na vigelegele vikimpokea kila jina. Shairi likaisha. Kisha ile sauti ya kizee ikauliza, "Imeingia?" Na sauti ya mwanamume ikajibu, "Imeingia, ayeeyo."

Wanawake wakaangua kicheko. "Mwanamume amepitia wapi huku?"

"Ni kaka yangu," Ayan alisema. "Yuko Modogashe."

Ngoma ikaanza, simu ikakatika.

Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa hivyo hivyo, nikairudisha sauti hadi pale mwishoni, pale anapouliza.

"Imeingia," nilimjibu, pamoja na mimi yule mwingine.