Mama Kapelekwa Chumba cha Kura

Kijijini kwao, kisiwani Niue, viti vya kanisani ni vingi kuliko watu. Waliobaki wanajuana hata kwa kikohozi. Wengine wote wako ng'ambo, Auckland, na kinachowakutanisha ni kundi la mtandaoni analolisimamia Ataloma, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye simu iliyopasuka kioo na subira ya kuku anayeatamia.

Kijiji kilihamia humo. Aliyefiwa alilia humo. Ndege ikijaa, waliulizana humo nani atabeba boksi la talo, magimbi ya kwao. Na ubishi haukukosa: mbwa wafungwe au waachwe, vijana wacheze raga Jumapili au wasicheze. Walichomana maneno, kesho yake mmoja akatuma picha ya mjukuu na wote wakaichekea.

Ukaja uchaguzi. Kiti cha kijiji ni kimoja, na waliokitaka walikuwa wawili: Ikipa, mtoto wa Ataloma mwenyewe, na binamu yake Fakatoa. Neno kubwa la Ikipa lilikuwa barabara. Ipanuliwe, magari mawili yapishane bila moja kuingia kichakani. Basi kundi likachafuka. Mtu akitangaza msiba, wa tatu kujibu anamtukana Fakatoa. Mtu akituma picha ya keki ya harusi, anaulizwa unga kapewa na Ikipa au kanunua. Ataloma alionya, akafuta, akaonya tena, akachoka.

Wapo waliomshauri azitenge habari za kura. Wapo waliomkatalia, wakasema kijiji kimoja milango miwili ya nini. Alilala na shauri hilo, akaamka nalo, mwisho akafungua chumba cha pili pembeni ya kundi, akakiita Chumba cha Kura. Sheria yake ilikuwa fupi: habari ya uchaguzi ikitokea kwenye kundi kubwa, yeye ataichukua aipeleke kule.

Kukatulia. Kulitulia mno, hata salamu zikapungua, lakini Ataloma alisema afadhali.

Sasa, mdogo wake wa mwisho, Makalita, yuko Auckland, kazi yake kutunza wazee wa watu. Hajarudi nyumbani tangu walipomzika mama yao. Kaburi la mama liko kando ya barabara, mbele ya shamba la ukoo, kama makaburi ya wengine wote yalivyo. Siku hiyo Makalita akaandika kwenye kundi kubwa: "Jamani, nauliza tu. Barabara ikipanuliwa, mama yetu atalala wapi?"

Ataloma alikuwa anakuna nazi. Aliliona neno barabara, na barabara ilikuwa kura. Akapangusa mkono kwenye gauni, akauhamisha ujumbe, akarudi kwenye nazi yake.

Kule Chumba cha Kura hakuna aliyeusoma kama swali la mtoto juu ya mama yake. Watu wa Fakatoa waliushangilia kama bao. Watu wa Ikipa wakasema aliyekimbilia ng'ambo asiwafundishe waliobaki. Mmoja akatia mzaha wa mifupa inayoomba lifti. Ataloma alipoishika simu tena, alikuta Makalita ameshatoka kundini, na amemwachia yeye maneno machache.

"Dada, umempeleka mama chumba cha kura."

Akampigia. Hakupokea. Jumapili baada ya ibada, saa ambayo wao wawili huongea mpaka chakula kinapoa, simu ilikaa mezani kimya na chakula kikaliwa cha moto. Majirani walijua, hawakujiingiza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini kuna waliosema chini chini kwamba mama kamfichia mwanawe aibu.

Neno hilo ndilo lililomwingia. Alijiuliza: ingekuwa barabara ya Fakatoa, ningeuhamisha upesi vile? Akaligeuza swali huku na huku, wala hakupata jibu la kumpendeza.

Ikipa alipopita kula, alimwekea takihi, yaani talo na papai katika tui, akangoja ashibe nusu. Ndipo akamuuliza barabara itapita wapi hasa.

"Mama, hayo tuyaache mpaka baada ya kura."

"Sijakuuliza kura. Nimekuuliza bibi yako atalala wapi."

Ikipa alitafuna muda mrefu kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa.

"Wapimaji wameshapiga vigingi," alisema. "Kimoja kiko miguuni pake. Sijamwambia mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi."

Ataloma hakumfokea. Alimwongezea tui. Akamwambia amalize kula, halafu amjibu mama yake mdogo kwenye kundi kubwa, mbele ya watu wote.

"Nitapoteza kura, mama."

"Utapoteza. Mimi nimeshapoteza mdogo wangu."

Jioni hiyo aliurudisha ujumbe pale alipoutoa, akaandika chini yake polepole kwa kidole kimoja: "Huu niliuhamisha mimi, nikakosea. Nilisema ni wa kura. Ni wa kura, na ni wa mama yetu pia, na mimi sina kisu cha kuvitenganisha. Chumba cha Kura kitabaki, maana kelele nazo zinataka uwanja. Ila tangu leo, wa kuchagua chumba ni yule anayesema. Mimi sitambeba mtu."

Chini yake Ikipa akaeleza habari ya kigingi. Akasema hajui bado kitahamishwa vipi, ila barabara haitapita hapo kabla ukoo haujakaa kikao.

Kisha mmoja akauliza: babu yangu aliye kwenye kona, naye ana kigingi? Mwingine akamtaja dada yake aliyekufa mdogo. Fakatoa naye akamtaja baba yake. Usiku ule kundi lilijaa majina ya marehemu, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Makalita peke yake hakuwamo. Ataloma akamtumia pembeni maneno ya Ikipa, akaongeza: "Usirudi kama hutaki. Lakini pokea simu."

Kesho yake Ataloma na Ikipa walikuwa kaburini, mama na panga, mtoto akizoa majani, simu ikalia. Makalita, kwa video, macho yamevimba, bado kavaa nguo za kazi.

"Geuza nimwone," alisema.

Ataloma akageuza. Walikaa hivyo, gari likapita, likapunguza mwendo.

"Hilo la kichwani usilikate, dada. Nililipanda mimi. Ni ua."

"Hili? Hili gugu."

"Ua."

"Gugu, tena lina kiburi kama aliyelipanda."

Makalita alicheka kidogo, akafuta pua. Akauliza kama Ikipa yupo. Ikipa akasogea, kichwa chini.

"Hata ningekuwa na kura huko nisingekupa."

"Najua, mama mdogo."

"Umekonda. Dada, huyu humlishi?"

Ikipa akaanza kujitetea, Makalita akamkatiza, na Ataloma akamkabidhi mwanawe simu waendelee wenyewe. Akainama, akapalilia kulizunguka lile gugu pande zote, asiliguse.