Aliyemwita Mama Mdogo

Chumba cha mashahidi kilikuwa na viti vinne, jagi la maji na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili wa nje wasione ndani. Fundi aliketi karibu na mlango, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya paja kama mtoto aliyelala. Mfupa uliovunjika ulikwisha kuunga, lakini mazoea ya kuubeba hivyo hayakumtoka.

Kabla ya kesi hii hakujua kwamba aliyeumizwa pia ana haki zake. Alidhani kazi ya shahidi ni kuitwa, kuulizwa na kusahaulika. Aliyemfungua macho ni binti wa ofisi ya huduma kwa mashahidi, aliyemfuata mpaka kibanda chake cha ushonaji, akaketi kati ya marobota ya vitambaa vya sare za shule na kumweleza pole pole. Ataarifiwa kila kesi inapoahirishwa. Hatakaa chumba kimoja na watu wa mshtakiwa. Akipenda, ataomba hakimu amruhusu kutoa ushahidi nyuma ya pazia, na achague mtu mmoja anayemwamini wa kuketi kando yake.

Pazia lilimchekesha.

"Kwani mimi bibi harusi, mwanangu, hata nifichwe?"

"Bibi harusi hufichwa ili atamaniwe, mama. Wewe tunakuficha usitishwe."

Walicheka wote wawili. Lakini lile la mtu wa kumwamini lilimtatiza Fundi, maana maisha yake yote mtu huyo alikuwa mmoja tu, naye ndiye mama wa mshtakiwa.

Mama huyo, Mama Pacha, aliishi upande wa pili wa ukuta wa nyumba yake. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule. Waliingia katika nyumba zile wakiwa wake wapya, mmoja hajui kushona kifungo, mwingine anaunguza hata maji, wakafundishana huku wakichekana. Asubuhi walisali kila mmoja chumbani kwake, na aliyemaliza kwanza alimsubiri mwenzake kabla ya kufungua redio. Siku Fundi alipofiwa na mumewe, mikono iliyomshika kiuno makaburini ilikuwa ya Mama Pacha. Na pacha walipozaliwa, mmoja alilala kwa mama yake na mwingine kwa Fundi, kwa kuwa, kama Mama Pacha alivyosema, Mungu amempa watoto wawili lakini usingizi ni ule ule mmoja.

Fundi hakujaliwa kuzaa. Wale watoto walipoanza kusema, wakamwita mama mdogo. Duniani kote ni wao wawili tu waliomwita hivyo, na kila alipolisikia jina lile alishukuru kimoyomoyo.

Pacha mdogo alikua akahamia mji mwingine kikazi. Mkubwa alibaki, akaingia katika makundi, akawa mtu wa kurudi nyumbani macho mekundu.

Jioni ile Fundi alikuwa akifunga kibanda. Mtu aliyejifunga fulana usoni aliingia, akanyanyua kichwa cha cherehani. Fundi akaking'ang'ania. Alisukumwa, akauangukia mkono, akasikia mfupa ukilia. Yule mtu alifika mlangoni, akasita, akageuka.

"Samahani, mama mdogo," alisema kwa sauti ya chini, kisha akakimbia.

Polisi walipomuuliza, Fundi aliyasema yote, maumivu yakiwa bado ya moto. Baadaye ndipo ikawa vigumu. Mjomba wa pacha alikuja na maneno ya asali kwamba mambo ya nyumbani huishia nyumbani, na aliporudi mara ya pili asali ilikuwa imekwisha. Fundi alimwambia binti wa ofisi, na familia nzima ikaonywa isimkaribie shahidi. Tangu hapo ukuta ulinyamaza. Fundi akipiga chafya, alijiombea afya mwenyewe.

Sasa mlango ulifunguliwa. "Zamu yetu, mama," binti alisema. Kwa kukosa mwingine, Fundi alikuwa amemchagua yeye.

Nyuma ya pazia palikuwa na kiti na meza ndogo. Aliapa, akajibu maswali ya mwendesha mashtaka. Kisha wakili wa utetezi akasimama, mtu wa sauti ya upole, akauliza iwapo aliuona uso wa mwizi. Hakuuona. Je, kulikuwa na mwanga wa kutosha? Haukutosha. Basi alimjuaje?

Upande wa pili wa kitambaa kile mtu alikohoa, na Fundi akakijua kikohozi cha pacha mkubwa kama anavyoijua sauti ya cherehani yake. Akafumba macho. Ee Mungu, aliomba, nisiseme zaidi ya kweli, na nisiseme pungufu. Binti hakumgusa wala kumhimiza, alimsogezea maji tu.

"Aliniita mama mdogo," Fundi alisema. "Mimi nina watoto wawili tu wanaoniita hivyo. Mmoja hayupo mji huu."

Wakili aliketi. Hakimu akamuuliza shahidi kama angependa kusema jinsi kosa lile lilivyomwathiri, kwa kuwa hiyo pia ni haki yake. Fundi alisema mkono umepona, na cherehani ilipatikana. Jirani bado hajapatikana.

Walipotoka, binti alimwambia wanaweza kupitia mlango wa nyuma, usafiri uko tayari. Fundi akauliza kama sasa, ushahidi ukiwa umekwisha, bado anakatazwa kupita mbele. Binti akasema zuio lilikuwa la familia ile isimsumbue, yeye hakuzuiwa popote, na kokote atakakopita watapita pamoja.

Kwenye ukumbi mrefu, Mama Pacha alikuwa ameketi peke yake benchini. Kilemba kilikuwa kimemlegea, naye hakujisumbua kukirekebisha. Fundi aliketi mwisho wa benchi lile lile. Binti alisimama hatua chache kutoka hapo, akatazama pembeni.

Mama Pacha hakumgeukia mwenzake, lakini hakuondoka. Hatimaye alinyoosha mkono, akauchukua mkoba wake uliokuwa kati yao, akauweka mapajani, ili mwenzake apate nafasi ya kusogea.