Mota ya Rafuni

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, na fundi akajua mkewe ameshaamka. Nje bado giza. Alijua pia leo ni siku gani, maana mkewe hukoroga chai mapema namna hiyo siku ya kwenda kumtazama binti yao tu.

"Nikamwambie nini?" mkewe aliuliza, akifunika kibakuli.

"Msalimie."

"Salamu zako zimechacha, baba watoto. Miaka mitatu nabeba zile zile."

Fundi alicheka kidogo, lakini alipovaa ovaroli alikosea vifungo mara mbili.

Alikuwa fundi umeme wa magari, na watu walimfuata hasa kwa madirisha. Zamani binti huyo ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Mkono wake mwembamba uliweza kuzama ndani ya mlango wa gari hadi kwenye kiwiko, ukatoka na skrubu iliyodondoka. Mpaka asubuhi ile fundi alipomfokea mbele ya wateja kwamba ameunguza mota ya dirisha.

"Si mota, baba," binti alisema. "Imekaa kimya tu. Labda ni waya."

"Utanifundisha kazi mimi? Weka bisibisi chini."

Binti akaiweka, taratibu, ncha ikielekea ukutani kama alivyofundishwa, akaondoka. Fundi alifunga mota mpya, kioo kikapanda. Ile ya zamani akaiweka rafuni, mahali anapoiona kila siku, iwe ushahidi.

Saa nne asubuhi gari dogo la kijivu liliingia gereji. Fundi alilitambua kabla ya kumtambua mwenyewe: ni lile lile la siku ya ugomvi, na mwalimu mwenye gari alikuwa amehamishiwa mbali wiki ile ile. Kioo cha dereva kilikuwa kimegandishwa kwa utepe.

"Karibu tena, mwalimu. Dirisha limekufa lini?"

"Zamani, fundi. Hata wiki mbili hazikuisha tangu ulitengeneze. Nilishafika kule, ningerudi vipi? Nikaligandisha, tukazoeana." Alitabasamu kama aliyekosa ni yeye. "Nikitaka kumsalimu mtu, nafungua mlango mzima."

Fundi aliingia garini, akafunga mlango. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akabonyeza swichi, akaweka sikio mlangoni. Kimya. Mota iliyokwama hunguruma, iliyoungua hunuka, iliyokosa umeme hukaa kimya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake hayo, miaka ile alipokuwa akimkalisha juu ya tairi ili afikie.

Alibandua ubao wa ndani wa mlango, akagusisha taa ya kupimia umeme kwenye nyaya za mota. Mlango ukiwa wazi, taa iliwaka. Akausukuma nusu, ikazima. Akaurudisha, ikawaka. Hapo akapiga magoti penye bawaba, akavuta ule mpira unaopitisha nyaya kuingia mlangoni. Waya wa kijani ulionekana mzima. Alipoukunja, ukalegea kati ya vidole vyake. Ndani ya ganda, shaba ilikuwa imekatika, ncha zikigusana na kuachana kila mlango unapofunguliwa na kufungwa. Siku ile, alipofunga mota mpya, alikuwa ameutikisa tu, ncha zikagusana kwa muda.

Aliunga kipande kipya, akarudishia kila kitu. Mwalimu akakipandisha kioo na kukishusha mara nne, akifurahi peke yake.

Fundi hakuwa akitazama kioo. Alipanda kigoda, akaishusha ile mota ya zamani kutoka rafuni, akapuliza vumbi. Miaka mitatu aliiangalia, hakuwahi kuijaribu. Akaigusisha kwenye betri.

Ikazunguka. Ikazunguka vizuri tu.

"Hii ni yako, mwalimu," alisema. "Naiomba. Kuna mtu nataka nimwonyeshe."

Mwalimu aliitazama mikono yake, jinsi ilivyoishika mota kama kifaranga. Alizunguka akamfungulia mlango wa pili. "Ichukue. Na huyo mtu anakaa upande gani? Panda, nikufikishe."

Binti alikuwa na kibanda cha kutengeneza feni na pasi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, kibakuli kitupu mapajani. Alipomwona mumewe akishuka garini alinyanyuka.

"Nimesahau kununua sindano," alisema, akaenda zake, mkoba ukiwa umebaki kwenye benchi.

"Shikamoo, baba," binti alisema.

"Marahaba, mama." Hakuwa amemwita mtu hivyo miaka yote ile.

Aliiweka mota mezani, katikati ya mapanga ya feni. "Ni ile," alisema. "Haikuungua. Ni waya, penye bawaba. Ulisema."

"Nilisema," binti alijibu, bila kuinua uso.

Alichukua nyaya mbili za betri, akaigusisha. Mota ikazunguka. Wote wawili waliinama kusikiliza, vichwa vikakaribia kugusana.

"Ina kamlio," binti alisema.

"Grisi imekauka."

"Imekauka sana."

Fundi akanyoosha mkono kuichukua. Binti akaifunika kwa kiganja.

"Iache." Alishika bisibisi, akalegeza skrubu ya kwanza, akaiweka bisibisi chini, ncha ikielekea ukutani. "Leo nina kazi za watu. Jumamosi uje uifuate."