Alama Zilizobaki Kwenye Majani

Siku ya malipo ya ruzuku ya tumbaku, karani wa kilimo alifuta kioo cha mashine kwa upindo wa shati, akamwita mjane wa shamba la bondeni. Mjane akaweka kidole gumba. Mashine ikanyamaza. Akaweka cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kisha mkono wa pili. Kimya.

Karani akavigeuza vidole vile kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa laini kama ganda la yai.

"Mama, alama zimekwenda wapi?"

"Zitakuwa zimebaki kwenye majani. Nimechuma peke yangu msimu mzima."

"Basi leta jani."

Wifi yake, aliyemsindikiza ili wasaidiane kubeba mbolea, alibaki kumshikia nafasi. "Kidole kimoja hakivunji chawa," aliwaambia waliokuwa nyuma, "na huyu wangu hana hata hicho kimoja." Foleni ikacheka, ikasogea hatua moja.

Mjane akarudi na jani lililosalia bandani. Karibu na kikonyo, pale anaposhika mchumaji, gumba lake lilikuwa limejichapa, mistari yote, hata kovu la kisu. Karani akalilaza jani kwenye kioo. Mashine ikalia, na picha ya mjane ikatokea, kilemba cha kijani kichwani.

"Ni wewe," alisema karani. Kisha akasoma tena, polepole. "Lakini hapa uko kidogo tu. Sehemu yako kubwa iko ghalani kwa mnunuzi, marobota kumi na moja. Ruzuku hufuata zilipo alama nyingi. Imeshaingia kwake tangu asubuhi."

"Niliyelima ni mimi."

"Najua, mama. Nilipita nikakuona ukipalilia. Ila sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma," wifi akadakia. "Huu wenu mbona unakata huku kwetu tu?"

Karani akamwita anayefuata. Mjane akalikunja jani, akalitia kifuani kama mtu anayerudisha kitambulisho.

Mvua ilikuwa imebakiza wiki moja kuanza, na kulima bila mbolea ni kazi bure. Wakaenda ghalani. Mjane aliyatambua marobota yake. Akapitisha kiganja juu ya moja. Lilikuwa na joto, kama mgongo wa mtu aliyelala.

Mnunuzi aliwapokea vizuri, akawapa viti. Mbolea aliyoinunua asubuhi ile ilikuwa imepangwa hadi darini. Akakubali kumkopesha mjane mfuko mmoja, alipe mavuno yakija.

Mjane alisoma fomu hadi chini, kwenye nafasi ya dole gumba. Akanyoosha mkono.

"Usijisumbue, mama," alisema mnunuzi. Akachomoa jani kwenye robota, akaligusisha wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Alama ikatoka safi, na kovu lake.

Mjane akashukuru, maana aliyekopeshwa hushukuru. Wifi hakushukuru. Aliinama akashika upande wake wa mfuko.

"Shika vizuri, wifi."

"Vidole vinateleza," alisema mjane, na wakaubeba hivyo hivyo.