Kijani cha Nyakasanza

Mwaka wa 2003, kijito kilicho chini ya mtaa wa Nyakasanza kiligeuka kijani. Wakimbizi waliotoka Djugu walichota maji pale, na hawakuwa na pengine. Ketsia, aliyefundisha kemia kabla vita havijafunga shule yao, alikifuata kijito kwenda juu, hasira ikimchemka, mpaka uani, kwenye lupango la Evariste, fundi wa kutia nguo rangi.

Mapipa yalijaa vitambaa vilivyoporwa madukani. Wanamgambo walitaka sare za kijani.

"Papa Evariste, ni weye unatilia batu sumu?"

"Mama Ketsia, banakuyaka hapa na bunduki. Nibaambie nini?"

"Balikuambia utie rangi. Balikuambia umwange maji mu kijito?"

Evariste akainamia pipa, akaendelea kukoroga. 

Ketsia alimwamuru achimbe shimo la kuzuia yale maji, naye mwenyewe akaenda kuokota takataka: vumbi la mbao kwa maseremala, magunzi ya mahindi sokoni. Vumbi tupu halikufaa. Maji yalipopitishwa humo yalitoka na rangi vilevile. Akayamwaga akilaani. Kisha wakachoma magunzi ndani ya pipa lililofunikwa mpaka yakawa makaa, wakayatwanga, wakayaosha, wakayajaza juu ya mchanga katika pipa lililotobolewa chini. Maji yakapita tone kwa tone. Yalipopitishwa tena, yakatoka meupe.

"Iko safi!" alisema Evariste.

"Rangi tu ndiyo imetoka. Mutu asikunywe hii. Lakini kijito kitapumua."

Kamanda wa wanamgambo alipokuja kuchukua sare, aliliona lile pipa la makaa.

"Munaiba rangi ya jeshi?"

Akalipiga teke, akawaamuru askari wake wapindue mapipa yote. Kijani kikateremka kijitoni mbele ya wanawake walioinama na madumu yao.

Mmoja wao, Priscille, alikuwa amemzika mama yake njiani wakikimbia. Alijaza beseni maji yale ya kijani, akapanda nalo hadi kwenye lango la kamanda, wenzake nyuma yake. Mlinzi akamwelekezea bunduki.

"Piga!" Priscille alisema. "Mulituchomea nyumba, sasa munatukunywesha rangi ya nguo zenu. Piga!"

Akamwaga yote langoni. Mwingine akamwaga, na mwingine. Risasi zikalia hewani, wanawake wakatawanyika, mmoja akaanguka akavunjika mkono.

Kesho yake mapipa yalihamishiwa upande wa pili wa mji, na Evariste akachukuliwa pamoja nayo.

Ketsia alitwanga makaa mengine, akajaza gunia.

"Unaenda kumusaidia ule mutu?" Priscille alimuuliza kwa ukali.

"Ule mutu nitamugombeza tena. Lakini kule nako kuko batu banakunywa maji."

Alimkuta Evariste jicho limevimba, mikono ya kijani hadi kwenye viwiko. Hakumpa pole. Alitua gunia miguuni pake.

"Chimba," alisema.