Kruza ya Shemeji

Mume wangu Gualtiero alipostaafu, mimi ndiye niliyeanza kuchoka. Miaka yote alikuwa akitoka asubuhi kwenda kwenye karakana za jeshi la wanamaji hapa La Spezia, akirudi jioni na njaa yake na maneno machache. Nyumba ilikuwa yangu. Sasa nikajikuta na msimamizi. Ananifuata jikoni, ananiuliza kwa nini sufuria kubwa inakaa juu na ndogo chini. Anapima umbali kati ya jiko na sinki. Siku nilipomkuta amechora mishale kwenye rafu ya viungo, nilimpigia simu mdogo wangu.

"Nevio, njoo umtafutie shemeji yako kazi, la sivyo utakuja kumzika."

"Dada, si nilikwambia usiolewe na mtu wa rula?"

Nevio naye amestaafu. Alikuwa mhandisi mkuu kwenye meli za mizigo, kazi yake ilikuwa kule chini kwenye joto na kelele, na ndiyo maana mpaka leo akiomba chumvi mezani hupiga ukelele kana kwamba tuko sitaha ya juu. Mke wake alishafariki, kwa hiyo Jumapili hula kwetu. Hawa wawili wametaniana tangu harusi yangu. Mmoja akisema mvua, mwingine anaanika nguo.

Jumapili hiyo Nevio alimaliza supu yake ya maharage na ngano, akafuta sharubu, akamtazama shemeji yake kwa macho ya mtu mwenye njama.

"Shemeji, tuseme huu ni mwaka elfu moja mia tisa na tano. Mimi ni Waziri wa Jeshi la Wanamaji."

"Mungu ailinde Italia," akasema Gualtiero.

"Nyamaza, unaongea na serikali. Nataka kruza, meli ya vita. Ile ya zamani, ya makaa ya mawe, iliyovaa deraya ya chuma ubavuni. Meli yenye nguvu ya kumpiga mdogo na mbio za kumkimbia mkubwa. Haijawahi kuundwa, hakuna aliyeiona. Wewe ndiye msanifu. Na marufuku kutumia kitu ambacho watu wa mwaka ule hawakukijua."

Gualtiero aliweka kijiko chini. "Mizinga mingapi?"

Nikajua nimepona.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe ni Bunge, dada. Kazi yako kukataa."

"Hiyo naiweza. Anzeni kwa kutoa kiwiko kwenye mkate."

Tangu siku hiyo jiko langu likarudi mikononi mwangu, lakini meza ya kulia ikatekwa. Gualtiero alitandaza makaratasi mpaka tukawa tunakula tumeweka sahani magotini. Aliipa meli jina la Lunigiana, kwa ajili ya milima ya kwao. Nilikuwa nikimsikia akiongea peke yake: boila zikae hapa, makaa yalale kando ya boila ili yawe kinga, dohani tatu za moshi, hapana, nne. Alikuwa akinyoa ndevu kila siku. Alikuwa anapiga mluzi.

Na kila Jumapili Waziri alikuja na madai mapya.

"Wananchi wanasema mizinga ya ubavuni ni michache," Nevio anasema, mdomo umejaa. "Ongeza minne. Iweke juu, ionekane."

"Shemeji, meli ni kama kitanda chenye shuka fupi. Mizinga, deraya na kasi wanalala humo watatu. Ukimfunika mmoja, mwingine anabaki uchi."

"Mimi sikuuliza habari za kitanda chako. Ongeza mizinga. Halafu admirali anataka bafu."

"Bafu?"

"La marmari. Ya Carrara, si hapo tu? Ataonekanaje vitani hajaoga?"

"Bunge linakataa," nikasema.

"Spika, wewe huna mume jeshini."

"Ninaye hapa, na hata yeye simwoni akioga siku hizi."

Gualtiero alilalamika, akakuna kichwa, lakini wiki iliyofuata mizinga minne ilikuwa juu na bafu la admirali lilikuwa limechorwa nyuma, lina hata pahali pa sabuni. Hilo lilinishangaza. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukubali kuhamisha kiti. Waziri akiomba, yeye anaongeza.

Michoro ilipokwisha, akaanza kuiunda. Mfano huo wa meli, wa mbao na bati, mrefu kama mtoto wa shule, uliundwa kwenye gereji yetu mpaka gari likahamia barabarani. Kila mzinga ulizunguka. Kila kitu kilikuwa na uzito wake sawasawa kwa kipimo, alisema, ili majini ajue ukweli. Alipoipaka rangi ya kijivu nilitoka kuitazama, na Bunge likakubali, kwa sababu ilikuwa nzuri kweli.

Jumapili moja wakaibeba wawili mpaka bafuni kwetu. Mimi nilijaza maji kwenye beseni la kuogea. Wakaishusha taratibu kama maiti ya mfalme. Ikaelea. Gualtiero akaachia mikono, akasimama wima, nusura apige saluti. Lunigiana ikatulia kidogo, ikainama upande mmoja kana kwamba imeitwa jina, ikaendelea kuinama, halafu ikajigeuza polepole na kutuonyesha tumbo lake.

Nevio alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa choo. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Gualtiero hakucheka. Aliitoa majini, akaikausha kwa taulo langu jipya, akairudisha gereji.

Kama mambo yangeishia bafuni, yangekwisha. Lakini ndugu yangu ana ulimi usiojua kulala. Jumatano alikwenda klabu ya wastaafu, ambako wanaume wote wa mji huu ambao waliwahi kugusa meli hukaa wakicheza karata, na Gualtiero alikuwa pale pale pembeni na glasi yake ya mvinyo mweupe. Nevio akawasimulia. Akajifanya meli yenyewe, akainama na kiti mpaka sakafuni.

"Mabwana, shemeji yangu amevumbua nyambizi ya kwanza duniani yenye dohani nne!"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Hata Gualtiero alitabasamu, nimeambiwa. Na Nevio alipoona watu wanacheka akashindwa kufunga breki.

"Lakini mnamlaumu kwa nini? Mtu amechora mabomba ya vyoo maisha yake yote, mnategemea aunde kinachoelea?"

Hapo hakuna aliyecheka sana. Gualtiero alimaliza mvinyo wake, akachukua kofia, akarudi nyumbani kwa miguu.

Ni kweli. Mume wangu alikuwa mchoraji kwenye karakana zile, na walichompa kuchora ni mabomba. Maji safi, maji machafu, maji ya kuzimia moto. Meli zilizinduliwa, bendi ikapiga, mawaziri wa kweli wakahutubia, na yeye alikuwa amesimama nyuma akijua tu kwamba mle ndani, nyuma ya kuta, kuna mabomba yake. Hakuwahi kulalamika. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama lilikuwa linamuuma.

Aliirudishia meza yangu nafasi. Akayakunja makaratasi yote, akayaweka juu ya kabati. Alikaa jikoni dirishani, akitazama bandari, na sufuria nikaziweka ovyo makusudi, kubwa juu ya ndogo, kifuniko cha hii kwenye ile. Nilitamani anikosoe.

Jumapili Nevio hakuja. Nikavaa koti nikamfuata kwake. Nilimkuta anakula sadini kwenye kopo, amesimama.

"Dada, ulikuwa utani tu. Mashemeji wasipotaniana watafanya nini, wauziane magari?"

"Utani ni kama mbwa wa jirani. Unamchezea, ila unajua mnyororo wake unaishia wapi. Wewe umeukata."

"Basi nimwombe radhi? Mimi? Kwa Gualtiero? Atanikumbusha mpaka kaburini."

"Atakukumbusha, na utastahimili."

"Sijui kuomba radhi, dada. Unajua hivyo tangu nikiwa na miaka mitano."

Ni kweli, hajui. Akiwa mdogo alivunja mtungi wa mama, akaja kuniambia mtungi umekufa. Nikafikiri kidogo.

"Wewe bado ni Waziri?"

"Sijafukuzwa."

"Basi Bunge linakuita. Jumapili, baada ya supu. Njoo umevaa tai."

Alikuja na tai. Gualtiero alipomwona mlangoni akainuka aondoke, nikagonga sufuria kwa mwiko.

"Kaeni! Kikao kimeanza. Kuna meli imepinduka kwenye maji ya serikali, na Bunge linataka kujua nani kasababisha. Waziri, simama."

Nevio alisimama. Masikio yalikuwa mekundu.

"Mheshimiwa Spika, serikali imechunguza. Imebainika kwamba meli ilikuwa sawa ilipotoka mikononi mwa msanifu. Ikaja kuongezwa mizinga minne juu, na bafu la marmari, na mtu mmoja mjinga."

"Mtu gani? Bunge linataka jina."

"Mtu mnene kidogo. Ana tai."

Gualtiero alikuwa anatazama meza. Nevio akakohoa, na sauti yake, ile ya kupigia kelele mashine, ikashuka mpaka nikalazimika kusogea.

"Halafu kuna lile la klabu. Mimi nimeishi kule chini ndani ya meli. Kule chini, bomba likipasuka, hakuna anayeuliza nani alichora mizinga. Nilisema upuuzi, shemeji. Na niliusema mbele za watu."

Nje kengele ya kanisa ililia. Kisha Gualtiero akasema, "Rudia."

"Nini?"

"Hilo la mwisho. Sikulisikia vizuri."

"Mheshimiwa Spika, ananitesa! Kanuni zinaruhusu?"

"Kanuni zinaruhusu," nikasema.

Akarudia, kwa kelele safari hii, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Na Gualtiero alitabasamu, halafu akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea.

"Nilijua itapinduka."

"Ulijua?"

"Niliona kwenye hesabu. Uzito ulikuwa juu mno. Nikakagua tena, nikaona vile vile."

"Sasa kwa nini hukusema, mwendawazimu wewe?"

Gualtiero aliokota chembe ya mkate, akaizungusha. "Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniomba meli. Wewe ulikuwa wa kwanza. Nilikuwa sitaki kukwambia hapana."

Ndugu yangu, mtu ambaye nimemsikia akimjibu hata padri katikati ya mahubiri, alikaa tu. Akalegeza tai. Akamimina mvinyo, kwanza kwenye glasi ya shemeji yake.

"Sawa," akasema mwishowe. "Niambie hapana sasa. Nione unavyofanya."

"Hapana mizinga minne."

"Inaniuma, lakini endelea."

"Hapana bafu."

"Admirali atajiuzulu."

"Na aende. Meli itapanuliwa tumbo. Itapungua mbio."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kukuudhi."

"Spika, nakubali. Andika kwamba nimekubali nikilia."

Wakateremsha makaratasi kutoka juu ya kabati, na meza yangu ikaenda tena.

Tuliizindua mwezi wa Mei, kwenye ghuba ndogo ya Cadimare, ambako maji hutulia asubuhi. Nevio alikuwa amepita klabu akawaambia wote waje, na walikuja, wazee wazima na viti vyao vya kukunja, mabingwa wa kupindua meli za watu wengine. Walisogea kuitazama Lunigiana mpya, imenenepa kiunoni, ina farumi, uzito wa madini ya risasi wa kuituliza, ndani chini karibu na mkuku, uti wa meli, na Nevio akawazuia kwa mkono kama polisi.

"Kabla hamjafungua midomo," akasema, "huyu hapa ndiye msanifu wa meli. Mwenye swali amuulize yeye. Mwenye mzaha aniletee mimi."

Gualtiero aliingia majini mpaka magotini na suruali imekunjwa, akaiachia. Ikainama kidogo. Moyo wangu ukainama nayo. Kisha ikajiinua, ikatulia wima, na ile mota ndogo aliyoificha ndani ikaanza kuisukuma kuelekea bahari wazi, polepole, kwa heshima zake. Wazee walipiga makofi. Mmoja alivua kofia.

"Polepole sana," akanong'ona Nevio.

"Ni amri ya Waziri," akanong'ona Gualtiero.

Hapo ndipo Birba, mbwa wa Bi Iolanda mwenye duka la nyavu, alipoona gogo la kijivu linatembea. Alirukia maji kutoka gatini, akaogelea moja kwa moja, na kruza yetu, yenye deraya na mizinga yote, ikakamatwa kwa omo, pale mbele kabisa, na kuanza kuvutwa ufukweni.

"Geuza mizinga!" akapiga kelele Nevio. "Shemeji, fyatua!"

"Mizinga haipigi, ni mbao!"

"Si uongeze kasi basi!"

"Kasi mimi niitoe wapi, si tumeipunguza!"

Na wote wawili, watu wenye magoti mabovu na dawa za shinikizo la damu, wakajitosa na viatu vyao, Nevio na tai yake, wakimfukuza mbwa ambaye alidhani ni mchezo na akawazungusha ghuba nzima. Bi Iolanda alitoka dukani akiwatukana wote watatu. Wazee wa klabu walikuwa wakicheka mpaka viti vinafunga chini yao, na Gualtiero, nilimwona vizuri, alikuwa anacheka kuliko wote, maji yamemfika kifuani, ameshika meli yake kwa nyuma na mbwa ameishika kwa mbele.

Dohani moja ilivunjika. Walirudi nyumbani wakibishana kama irudishwe au meli ibaki na tatu, wakiacha michirizi ya maji ngazi nzima, na mimi nikiwa nyuma yao nimebeba viatu.