Doa kwenye Pafu la Mkurugenzi

Mkurugenzi alikuwa mbwa, na cheo chake alikijua. Alilala mlangoni pa chumba cha kushonea, wateja wakamruka, na akijamba, fundi cherehani ndiye aliyeomba radhi. Fundi alikuwa mjane asiye na mtoto, na alimlea mbwa huyo tangu hajafumbua macho. Shemeji yake, dereva wa lori, mdogo wa marehemu mumewe, hakumpenda mbwa huyo hata kidogo. Mkurugenzi alishamchania suruali, tena msibani.

Kidole cha mguu wa mbele kilipovimba na dawa zikagoma, hapakuwa na wa kuwapeleka kliniki ila shemeji huyo huyo.

Daktari wa mifugo, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliupiga mguu eksirei.

"Oneni. Mfupa wa kidole umeliwa kama biskuti iliyopitiwa na panya. Nashuku saratani. Kabla sijakata, nataka kuona mapafu, maana huko ndiko hukimbilia."

Akawagawia aproni za risasi ili wamshike mbwa.

"Risasi?" shemeji akaruka. "Unampiga picha au unampiga bunduki?"

"Ni madini ya kukinga mionzi, baba. Shika miguu ya nyuma."

Akashika. Mkurugenzi akamjambia usoni. Picha ikapigwa.

Kwenye skrini, katikati ya pafu, palikuwa na doa jeupe la mviringo.

Daktari akaisogelea skrini. Fundi akaketi sakafuni na aproni yake. Shemeji, pande la mtu, akaangua kilio cha kwikwi.

"Mbwa mwenyewe mshenzi," alilia, "lakini ni wetu!"

Fundi akamkodolea macho. Hata kaka yake alipofariki, hakumlilia hivyo.

"Hebu ngojeni," daktari akasema. Akampapasa Mkurugenzi kifuani, akachovya pamba kwenye dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, akampaka tone moja. Akapiga tena. Doa likawaka kama taa, pale pale.

"Chuchu," akasema.

"Nini?"

"Hilo doa ni chuchu yake. Iko nje kwenye ngozi, ila pichani inaangukia juu ya pafu. Mapafu ni safi."

Shemeji akafuta kamasi. "Dume zima hili lina chuchu?"

"Hata wewe unazo."

Akajitazama kifuani, akamgeukia fundi. "Shemeji, nakuomba. Hili lisifike kijiweni."

Lilifika kabla jua halijazama.

Kidole kilikatwa. Majibu ya maabara yakasema kweli ilikuwa saratani, ila yote ilionekana kutoka. Daktari akaonya wasijisahau. Kila baada ya miezi michache mapafu yapigwe picha.

Shemeji ndiye huwapeleka, akidai ana safari za huko huko. Juzi fundi alimkuta ndani ya lori akimmegea Mkurugenzi mkate wake, huku akimfokea ale taratibu asipaliwe.